Kutoka Landi ya Sagana Hadi Sitaha ya Victoria

Mwaka 1970 tulikaa landi ya reli pale Sagana, zile safu za nyumba nyuma ya stesheni, vyumba viwili kwa kila familia, jiko nje, na mfereji mmoja wa maji kwa watu wote. Jirani wetu wa mkono wa kulia alikuwa Mluo kutoka Kano, kazi yake pointisman, mtu wa kugeuza njia za reli. Wa kushoto alikuwa Mkamba wa Machakos. Mwisho wa safu alikaa fundi wa njia aliyetoka Mbale, Uganda, na mkewe ndiye aliyemfundisha Mama kupika ndizi kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Shirika la reli lilikuwa la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na watu wake walihamishwa stesheni hadi stesheni bila kuulizwa walizaliwa wapi. Ndani ya landi watoto tulisema Kiswahili. Tukishavuka reli kuingia sokoni tulisema Kikuyu, na hakuna aliyeona ajabu.

Baba alikuwa karani wa tikiti na mizigo. Kwake zilipita kahawa za vyama vya ushirika vya Kirinyaga, mbao za mlimani, na abiria wa kwenda Karatina, Nanyuki au Nairobi. Kila mwaka alistahili likizo, na likizo ilikuja na pasi, karatasi ya kumruhusu yeye, mkewe na watoto wake kusafiri bure. Wenzake walitumia pasi kwenda makwao. Kwetu kulikuwa juu ya vilima, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, kwa hiyo pasi za Baba zilimaliza muda wake mwaka baada ya mwaka bila kutumika. Na pasi hizo zilifika mbali kuliko reli zenyewe, maana meli za Ziwa Victoria nazo zilikuwa mali ya East African Railways. Ofisini kwake, ukutani, palikuwa na picha ya meli Victoria. Baba alikuwa ameiangalia miaka mingi akiwakatia watu wengine tikiti.

Kiu hiyo ya Baba haieleweki bila kukumbuka Hali ya Hatari ya wakati wa ukoloni. Ilidumu tangu Oktoba 1952 hadi mwanzoni mwa 1960, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Mkikuyu hakuweza kwenda mbali bila karatasi ya ruhusa. Mama na nyanya zangu walihamishwa kutoka mashambani kwao wakaingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, wakatoka kwa saa na kurudi kwa saa. Baba aliuza tikiti za Thika na Nairobi katika miaka ambayo yeye mwenyewe hakuweza kupanda treni hiyo bila kibali mkononi. Hakupenda kuyazungumzia. Lakini siku alipoleta nyumbani ile pasi ya Agosti 1970, akaiweka mezani chini ya taa, akamsomea Mama majina yaliyoandikwa kwa kalamu: Sagana, Nairobi, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, kisha kurudi. Mama alimwomba asome tena. Mama hakuwa amewahi kupita Nairobi.

Sisi watoto wakubwa ndio tuliopangiwa safari. Wadogo walipelekwa kwa nyanya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Kaka yangu alikuwa na kumi na saba, yuko kidato cha tatu Kagumo, amefuga nywele zikafika mahali ambapo Baba alikuwa ameacha kuzitaja. Kaka hakutaka kwenda. Alikuwa na mechi, alikuwa na marafiki, alikuwa na redio ya betri aliyoikopa, na katika umri ule kuonekana hadharani ukitembea nyuma ya mama yako aliyebeba kiondo kulikuwa kitu cha kukwepwa kwa gharama yoyote. Baba hakubishana naye. Alimwambia tu, "Jina lako limeandikwa kwenye pasi." Wazazi wa siku hizi wananiuliza jinsi ya kusafiri na vijana wa umri huo, na mimi huwaambia alivyofanya Baba. Hakumbembeleza, wala hakumtisha. Alimpa mahali katika safari akamwacha ajitafutie la kufanya.

Kilichotutia hofu zaidi ya ubishi wa Kaka kilikuwa Kisumu, mji wa Waluo. Tom Mboya, waziri Mluo, alikuwa amepigwa risasi akafa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Oktoba mwaka uleule, Rais Kenyatta, Mkikuyu kama sisi, alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, umati ulizomea, risasi zikapigwa na watu wakafa. Chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, kiongozi wake Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Ulikuwa haujapita mwaka mzima. Huko sokoni Sagana wanawake walimwambia Mama waziwazi kwamba anapeleka watoto wa Kikuyu mahali ambapo hawatarudi. Mama alisita. Usiku mmoja jirani yetu pointisman alikuja na taa yake ya kazi mkononi, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akasema, "Mama, nimemwandikia ndugu yangu. Anafanya kazi gatini Kisumu. Mkishuka kwenye treni mtamkuta." Hakuongeza neno. Asubuhi Mama alianza kuchemsha nduma na viazi vitamu vya safarini.

Ya treni sitayasimulia kirefu. Murang'a, Maragua, Makuyu, Thika, Nairobi; kisha usiku kucha katika behewa la klasi ya pili kwenda magharibi, baridi ya Molo ikipenya dirishani, na alfajiri mashamba ya miwa ya Muhoroni. Kisumu ni mji ulioanzishwa na reli hiyohiyo. Njia ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali hapo wakapaita Port Florence. Meli za kwanza zililetwa humo zikiwa vipande, zikaungwa ufukweni. Victoria pia iliundwa hivyo. Ilijengwa Uskochi katika kiwanda cha Yarrow, ikafumuliwa, ikasafirishwa baharini hadi Mombasa na kwa treni hadi Kisumu, ikaungwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Ndani ya landi zetu jambo hili lilijulikana na kusimuliwa kwa fahari, kwa sababu treni zilizobeba mabamba yake ziliendeshwa na watu tuliowajua kwa majina.

Ndugu wa jirani alikuwa amesimama jukwaani, amevaa sare ya gati. Alimsalimia Baba, akamsalimia Mama kwa mikono miwili, kisha akaomba kiondo. Mama alikuwa amekibeba mgongoni, ukanda umekaa kwenye paji la uso, na mwanamume kumpokea mwanamke kiondo halikuwa jambo la kawaida kwetu. Akakitoa polepole. Yule bwana akakibeba begani hadi nyumbani kwake Kaloleni, mbele ya macho ya mtaa mzima, ili kila mtu aone wageni hawa ni wa nani. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Nyumbani, mkewe alikuwa amechinja kuku. Majirani wote siku hiyo walikuwa wamepika samaki, harufu ilijaa uani, lakini barua kutoka Sagana ilikuwa imemweleza kwamba Wakikuyu wa rika la wazazi wangu hawali samaki. Pale kwetu serikali ilikuwa na mabwawa makubwa ya kufuga samaki tangu 1948, na bado watu wengi wa Sagana waliyapita bila hata kuyaangalia. Mama alikula kuku, akanawa mikono, akamshika yule mama mabegani akamshukuru kwa Kikuyu, kwa sababu Kiswahili chake hakikutosha kwa neno alilotaka kusema.

Tulipanda meli alasiri. Nilikuwa nimeona mto Sagana ukifurika wakati wa mvua za Aprili, nikadhani najua maji mengi ni nini. Kando ya gati nilisimama chini ya ubavu wa chuma nikainua kichwa kuyatafuta madirisha. Kulikuwa na klasi ya kwanza yenye chumba chake cha kulia, klasi ya pili yenye vyumba vya vitanda vya juu na chini, na klasi ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa roho ya meli: wanawake na mikungu ya ndizi, kuku ndani ya matenga, magunia ya dagaa, watoto wamelala juu ya mikeka, wanaume wakicheza bao. Pasi ya Baba ilikuwa ya klasi ya pili. Mama na mimi tuliwekwa chumba kimoja na wanawake wengine, Baba na Kaka upande wa wanaume. Shuka zilikuwa nyeupe, zimechapwa herufi za Shirika. Mama alikikagua kitanda, akavuta shuka pembeni, akapapasa godoro, kisha akakaa juu yake na viatu vyake mikononi.

Honi ilipopigwa watu wote walikimbilia sitaha. Ghuba ya Winam ni nyembamba na ndefu. Kwa saa kadhaa unaona vilima pande zote mbili na nyumba zenye mabati yanayong'aa. Wadudu wadogo wa ziwani walipanda angani kwa mbali kama moshi wa shamba linalochomwa, na mzee mmoja akatuambia tufunge midomo upepo ukigeuka. Jua lilipokuwa linazama tukakikaribia kisiwa cha Rusinga, upande wa kushoto. Hapo meli ikanyamaza. Bao lilisimama. Wanaume wakavua kofia, na mwanamke mmoja mzee wa klasi ya tatu akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wengine wakimwitikia. Mboya amezikwa pale.

Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye reli za sitaha, kofia yake ya kazi kifuani, Mkikuyu peke yake katikati ya waombolezaji waliokuwa na kila sababu ya kutomtaka hapo. Mtu aliyekuwa karibu naye akamuuliza anatoka wapi. Baba akajibu, "Sagana." Kimya kikaingia. Kisha Baba akasema, "Alizaliwa kwetu kule, Kilimambogo, katika mashamba ya katani. Treni yangu hupita karibu na hapo." Ni kweli, Mboya alizaliwa Kilimambogo, karibu na Thika, mwaka 1930, babake akiwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Yule mtu aliitikia kwa kichwa. Akasogea kidogo, Baba akapata nafasi ya kusimama vizuri. Wakabaki hivyo mpaka kisiwa kikapotea gizani. Nimesoma vitabu na magazeti mengi kuhusu mwaka 1969. Mimi niliufahamu kwenye sitaha ile.

Nje ya ghuba ziwa likawa bahari. Victoria ilipanda na kushuka, na Mama akaugua. Alilala akishika chuma cha kitanda, akimwomba Mungu na akimlaumu Baba kwa zamu. Wale wanawake tuliolala nao, mmoja Mjaluo na mmoja Msukuma, walimkamulia ndimu, wakamfunga kitambaa chenye maji kichwani, wakamsimulia mambo ya watoto wao mpaka akasinzia. Asubuhi, Musoma, aliamka amepona, akataka chai.

Kaka alikuwa amepotea usiku kucha. Baba hakumtafuta. Nilimkuta mimi, mlangoni pa ngazi ya kwenda kwenye injini, akizungumza na fundi mmoja aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha mafuta. Fundi alituteremsha chini. Joto lilinipiga usoni, na kelele zilikuwa nyingi hata maneno hayakuwa na kazi. Alichukua kiganja cha Kaka, akakibandika kwenye bomba la kushikia, akainua kidole kimoja: injini ya kushoto. Akakisogeza kiganja kwenye bomba jingine, akainua vidole viwili: injini ya kulia. Akaashiria kwamba hazilingani, moja iko nyuma kidogo, na kwamba mkono hujua kabla ya saa za kwenye ukuta kuonyesha. Kaka alifumba macho. Alisogeza mkono bomba hadi bomba, akatabasamu, akainua kidole. Tangu siku zile ambapo sauti yake ilianza kuwa nzito sikuwa nimemwona ameshikwa na kitu namna ile. Tulipopanda juu aliniambia, kwa sauti iliyobaki ya kupiga kelele, kwamba atasomea mitambo. Akasomea mitambo, na miaka thelathini ya kazi yake ilipita katika karakana za reli Nairobi.

Mwanza tulikaa muda wa kupakua mizigo. Mawe yake yanajulikana, yamepangana ndani ya maji na juu ya vilima, na lile la bandarini ambalo Wajerumani walilipa jina la Bismarck lilimfanya Baba asimame muda mrefu akiuliza nani aliyelipandisha juu ya mengine. Hapo wakapanda wanafunzi wa shule ya Bwiru, wakielekea Bukoba, mashati yao yamepigwa pasi, na wakamwamkia Mama kwa heshima kubwa akaona haya. Usiku ule mjadala ulianza kwenye sitaha ya nyuma. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitatu. Wale vijana walilijua kwa moyo, wakamuuliza Kaka kwa nini Kenya ardhi ni ya mtu binafsi, kwa nini mmoja awe na ekari mia na mwingine awe kibarua. Kaka alijibu kwa habari ya babu yetu, aliyenyang'anywa shamba wakati wa Hali ya Hatari, akapewa jingine lenye mawe, na hati yake akaiweka ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu ardhi ya wote? Walibishana mpaka usiku wa manane. Walikasirikiana, wakachekeshana, wakagawana nduma zetu za mwisho. Baba alikaa umbali wa kusikia, gazeti limefunika uso. Hakuingilia hata mara moja, ingawa najua alikuwa na maoni, maana alikuja kuniambia miaka mingi baadaye ni hoja zipi za kila upande alizoziona dhaifu.

Mimi nami nilipata rafiki, msichana wa rika langu aliyekuwa akienda kwa nyanya yake, Bukoba. Alinionjesha sato wa kukaanga kutoka klasi ya tatu, tukala kwa vidole tukiwa tumejificha nyuma ya mashua za kuokolea watu. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kula samaki. Samaki wa ziwa lile siku hizo walikuwa tele. Sangara alikuwa ameshatiwa majini miaka ya hamsini na sitini, na baadaye aliwamaliza samaki wengi wadogo wa asili.

Bukoba ndiko Mama alikofurahi kuliko sisi sote. Alikuwa Mkatoliki wa misheni ya Baricho, na Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa Kardinali, mwaka 1960, alitoka huko. Picha yake ilikuwa nyumbani kwetu karibu na picha ya Bikira Maria. Mama alitaka kuona kanisa kuu, akaenda na Baba kwa haraka, akarudi ameinua uso. Pale gatini nyanya wa rafiki yangu alikuwa anamsubiri mjukuu wake. Akatoa kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba, akafungua, akampa Mama punje chache nyeusi, ishara ya kumkaribisha. Mama alizinusa. Zilikuwa kahawa, zimechemshwa pamoja na mitishamba zikakaushwa. Yule bibi alitia moja mdomoni akatafuna, akimwonyesha.

Nataka msomaji aone kiganja cha Mama wakati ule. Vidole vyake vilikuwa na weusi usiotoka, wa kuchuma kahawa tangu usichana wake, kwanza katika mashamba ya wazungu, kisha yetu wenyewe baada ya Waafrika kuruhusiwa kuipanda. Alibeba debe kwa debe hadi kiwandani. Alijua kuosha, kuanika, kuchagua buni mbaya kati ya nzuri kwa kugusa tu. Kahawa ya Kirinyaga na Nyeri husifiwa ulimwenguni kote, na Mama alikuwa hajawahi kuiweka mdomoni. Nyumbani tulikunywa chai. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu waliokuwa na kahawa tangu kale, kabla ya wakoloni, kahawa ya mgeni na ya kufungia urafiki, isiyosubiri bei ya mnada. Alitafuna polepole. Akamwambia Baba, "Hawa wanakula yao." Alirudi na kile kifurushi Sagana akawaonjesha wanawake wa foleni ya kiwanda cha kahawa, na wengi wao walishangaa kama yeye.

Kutoka Bukoba tulivuka ikweta usiku. Watu wa Mlima Kenya tunaijua ikweta kwa kibao cha Nanyuki, na Kaka alitaka kuivuka akiwa macho. Alimsumbua ofisa mmoja wa meli mpaka akakubali kumwambia saa ikifika. Alituamsha wote. Hakukuwa na kitu cha kuona, maji tu na nyota, lakini Kaka alisimama akatueleza kwamba mto wetu wa Sagana unakwenda kuwa Tana na kuingia Bahari ya Hindi, na maji haya chini ya miguu yetu yanakwenda Misri. Alisema hayo akiwa ameweka mkono begani mwa Mama. Wiki chache kabla ya hapo asingekubali kusimama karibu naye barabarani.

Port Bell, basi la Kampala, mnara wa Makerere kwa mbali ambao Baba alitaka tuuone, chai ya maziwa, kurudi melini. Kisha Kisumu tena, na yule bwana wa gatini akatusubiri, na safari hii Mama alimpa kiondo kabla hajaombwa.

Mambo yaliharibika upesi. Oktoba ya mwaka ule serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya kutoka Uganda, wengi wao Waluo. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Fundi wetu wa Mbale hakulala vizuri tena. Watu wa kwao walikuwa wanapotea, na watu wa hapa walianza kumtazama vibaya kwa yaliyofanywa na serikali yake. Mwishowe aliomba uhamisho, na landi ikapoteza familia ya kwanza. Marais wa nchi tatu waliacha kukutana. Mapema 1977 shirika la ndege la nchi hizo lilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, iliyounganisha mashirika hayo, ikafa. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mali za reli ziligawanywa. Uhuru, meli ya kubeba mabehewa, ikabaki Kenya. Victoria ikawa ya Tanzania. Meli iliyoungwa Kisumu kwa mikono ya watu wa Kisumu haikupiga tena honi pale kwa ratiba yake ya zamani, na pasi ya Baba, sasa ya Kenya Railways, iliishia Kisumu mjini.

Vijana wa Bwiru na Kaka waliandikiana muda mrefu. Baada ya mpaka kufungwa barua zilichelewa, zikapungua, zikakoma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza na mamia ya watu kufa, Kaka alikaa kando ya redio siku nzima akisikiliza majina, kwa kuwa njia ile ilikuwa ya watu aliowajua.

Siku hizi jamaa zangu wenye uwezo wanawapeleka watoto wao Dubai kupanda meli za ghorofa nyingi zenye mabwawa ya kuogelea na sinema. Siwalaumu, ni vizuri kijana akiona bahari. Lakini katika meli ile kila mtu ni mgeni aliyelipa, na anayekuhudumia hana nafasi ya kukuuliza unatoka wapi. Kijana anashuka akiwa ameona maji na chakula. Sisi tulipanda meli ya watu wanaokwenda sokoni, shuleni, matangani, na ndiyo maana ilitubadilisha.

Naandika haya kwa sababu vitu vyote vilivyotupeleka vipo. Treni ya abiria ya Nanyuki, inayopita Sagana, ilirudishwa Desemba 2020 baada ya miaka mingi ya nyasi relini. Ya Kisumu ilirudishwa Desemba 2021. Bandari ya Kisumu imekarabatiwa, na Uhuru ilirudi kazini mwaka 2019 kubeba mizigo kwenda Uganda. Victoria yenyewe ilifanyiwa matengenezo makubwa Mwanza, na mwaka 2020 ilianza tena kubeba abiria wa Bukoba. Mwaka 2023 Tanzania iliteremsha majini MV Mwanza, ya abiria 1,200. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ina mkataba tangu 1999. Kinachokosekana ni meli ya abiria yenye ratiba, inayotoka Kisumu, inayotia nanga Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na kurudi, yenye maboya ya kutosha kila mtu na hesabu ya kweli ya watu waliomo. Mawaziri wa uchukuzi wa nchi hizi tatu wanaweza kuianzisha wakitaka. Na wazazi wa Sagana, Karatina na Nyeri, siku tikiti zitakapouzwa, kateni za klasi ya tatu, na watoto wenu wakubwa wawepo hata kama hawataki.